Mtu Mmoja wa Wamaza

Asani alianza kumchukia Cécilia siku tatu kabla ya kumwona. Ilikuwa siku ile Mama Consolée alipowakusanya wakubwa wa kazi na kuwaambia kuna mtu anakuja kutoka Bukavu kuweka programu ya kompyuta. Mama Consolée ndiye mwenye nyumba ya mpunga pale Kasongo. Ananunua mpunga kwa wakulima, anaukoboa, anauza mchele, na kila mwaka kabla ya mvua kubwa huwapelekea wakulima wake mbegu ili wakati wa mavuno wasimkimbilie mnunuzi mwingine.

Asani alikuwa shefu wa manunuzi upande wa Wamaza, mwaka wa kumi na tisa sasa. Nusu ya mpunga wa nyumba hutoka Wamaza, na jambo hilo hakuacha mtu alisahau. Aliwajua wakulima wake mia moja ishirini na sita kwa majina, kwa mashamba, kwa ndoa na kwa misiba. Majina yao yalikuwa katika daftari lenye jalada jekundu, na daftari lilikaa kwapani mwa Asani, mvua inyeshe au jua liwake. Hata msikitini siku ya Ijumaa aliliweka pembeni ya viatu vyake, kisha akasali kwa jicho moja.

Sasa unaambiwa anakuja mtu kulitoa daftari kwapani. Nani angecheka? Na Mama Consolée hakulificha neno: programu ikishakubali, vyeo vyote vitaangaliwa upya, na Wamaza atapewa mwenye kuijua mashine. Asani alirudi nyumbani siku hiyo, akakaa mbele ya sahani ya sombe bila kuigusa. Mkewe alipomuuliza, alijibu kwamba kuna watu wanataka kumzika akiwa anapumua.

Cécilia alifika kwa pikipiki, amelowa mpaka kiunoni, na neno lake la kwanza lilikuwa kuuliza saa ya kuanza kazi. Alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na kitu, mwembamba, mwenye sauti kavu. Hakuuliza habari za nyumbani, wala za mvua, wala za watoto. Asani alimpa mkono kwa vidole viwili, na Cécilia akaupokea kwa kimoja. Tangu hapo wote wawili walijua wamekutana na nani.

Siku ya pili Cécilia alipigilia ukutani karatasi pana kama mkeka. Ilikuwa na wiki kumi na mbili, kila wiki na kazi yake, na mbele ya kila kazi jina la mtu atakayeulizwa. Wiki za mwanzo ni kukusanya majina ya wakulima kutoka katika madaftari yote na kuyaingiza kwenye kompyuta. Zitafuata wiki za kuyasafisha, yaani kuondoa yaliyoandikwa mara mbili. Halafu kujaribu, kufundisha watu, kuanzisha maghala upya, na wiki ya kumi na mbili kuzindua. Uzinduzi ungefanyika Wamaza, siku ya kugawa mbegu. Cécilia alisema mpango ukisimama Wamaza utasimama kila mahali, na kila hatua itakuwa na karatasi yake, na shefu anayehusika ataikagua na kutia sahihi.

Mama Consolée alimuuliza ni kitu gani kinachoweza kuua mradi kama huu. Cécilia hakufikiri sana.

“Mama, projet haikufaka juu ya mashini,” alisema. “Inakufaka juu ya watu wenye kunyamaza.”

Na alipolitamka hilo neno la mwisho macho yake yalikuwa kwenye lile daftari jekundu. Asani aliona. Akatabasamu. Moyoni aliapa kwamba huyu mtoto ataonyeshwa kilichomtoa kanga manyoya.

Kazi ya kuingiza majina ilipewa Arlette. Arlette alikuwa karani mpole, mwenye vidole vyepesi, mzaliwa wa Nyangwe, aliyeolewa Wamaza miaka minne nyuma. Aliyamaliza madaftari ya Lusangi na ya Kabambare bila neno. Asubuhi aliyowekewa daftari jekundu mezani (na Asani akahisi kwapa lake limekuwa baridi kama la maiti), Arlette alilifungua ukurasa wa kwanza, akalifunga, akainuka, akaenda kusimama mbele ya meza ya Cécilia na mikono yake nyuma.

“Mama Cécilia, hii ya Wamaza mupatie mutu mwingine,” alisema kwa sauti ya chini. “Ni muzito kwangu.”

Cécilia alimtazama kama mtu anayetazama saa. Akamwambia madaftari yote ni mazito, siku zimebaki tisa, na hakuna mtu mwingine. Arlette akabaki amesimama. Hakueleza, kwa sababu jambo lenyewe halielezwi, anayelijua analijua. Katika ukoo alioolewa, mwanamke hataji jina la baba wa mumewe, wala la ndugu za baba huyo, wala la yeyote wa rika lao, wake kwa waume. Wote hao ni wakwe zake. Kulitaja jina la mkwe ni kumvua nguo hadharani, na kuliandika ni kumvua nguo akabaki hivyo. Na pale Wamaza wakwe wa Arlette waliokuwa wakilima mpunga walikuwa thelathini na mmoja.

Asani alikuwa chumbani humohumo, akijaribu kalamu pembeni ya gazeti. Alilielewa neno la Arlette kabla halijaisha. Cécilia akamgeukia yeye, akamuuliza kama daftari la Wamaza lina shida yoyote.

Hapo ndipo palipokuwa na mlango. Neno moja tu, “bukwe,” yaani mambo ya wakwe, lingetosha, na daftari lingepewa karani mwingine, na Arlette angepumua. Lakini neno hilo lingemsaidia Cécilia, na Asani hakuwa tayari kumwazima yule mwanamke hata kiberiti.

“Shida gani?” alisema. “Karatasi ni karatasi.”

Arlette aligeuka akamwangalia mara moja, akarudi kwenye kiti chake.

Siku tisa zikapita. Arlette aliyaandika majina tisini na matano kama yalivyo. Kwa yale thelathini na moja alifanya kile ambacho mwanamke yeyote mwenye adabu wa Wamaza angefanya: kila alipokutana na mkwe, aliandika “Bakwe,” kijiji Wamaza, akaendelea na mstari unaofuata. Mara thelathini na moja. Kwake yeye kila “Bakwe” alikuwa mtu wake mwenye sura yake, na yeyote wa Wamaza angejua kuuliza ni yupi. Ila mashine haikuolewa Wamaza.

Ilipofika zamu ya kusafisha, mashine ilitafuta majina yanayofanana katika kijiji kimoja, kama ilivyofundishwa. Ikamkuta Bakwe wa Wamaza, na Bakwe wa Wamaza, na Bakwe wa Wamaza. Ikaona kuna mtu mmoja aliyeandikwa mara thelathini na moja, ikamkusanya, ikamfanya mmoja. Wazee thelathini na mmoja, wenye mashamba, wajukuu na mvi zao, wakawa mtu mmoja. Haikuchukua hata muda wa kupenga kamasi.

Wiki ya sita Cécilia aliweka mbele ya Asani karatasi nne zilizochapwa. Majina ya Wamaza, alisema, ayakague moja moja, na akiona yamekaa sawa atie mkono chini. Alimpa siku mbili. Asani alihitaji dakika kumi. Alianza kwa kuangalia jumla, kama mtu wa sokoni anavyoangalia kwanza uzito wa kuku, akaona tisini na sita. Akashuka kwa kidole. Akalikuta lile neno katika ukurasa wa pili, katikati ya Bahati na Batumike, limejikalia peke yake: Bakwe. Mbegu: gunia moja.

Akacheka mwenyewe mpaka machozi yakamtoka. Kisha kicheko kikakatika, maana aliona pia kilichokuwa nyuma ya lile neno. Alimwona mzee Faradji, baba mkwe wa Arlette, ambaye ndiye aliyempokea Asani Wamaza mwaka wa kwanza, akamlaza nyumbani kwake wiki mbili alipougua homa. Faradji hayumo. Ndugu za Faradji hawamo. Mvua kubwa zingeanza na wasingekuwa na mbegu ya kutia ardhini.

Alikaa na karatasi ile siku zote mbili. Tusimsingizie, hakulala vizuri. Lakini chuki ikishapewa kiti huomba na godoro, na siku ya pili Asani alikuwa ameshajitengenezea mpango wake mwenyewe, bila karatasi ya ukutani wala wiki kumi na mbili. Katika depo, lile ghala dogo la Wamaza, kulikuwa na magunia thelathini na mawili ya mbegu ya akiba, aliyoyabakiza mwenyewe msimu uliopita. Siku ya uzinduzi Cécilia ataita watu kwa mashine yake. Wazee hawataitwa. Patakuwa na kelele, Mama Consolée ataona kwa macho yake, Cécilia atatoa jasho. Hapo Asani atainuka taratibu, atafungua depo, atafungua daftari jekundu, atawaita wazee wake mmoja mmoja kwa jina, na kila mmoja atabeba gunia lake. Pamoja na lile gunia la Bakwe, yatatosha na mawili yatabaki. Hakuna atakayeumia ila anayestahili.

Akajiambia mwenye macho haambiwi tazama. Kama yule wa Bukavu ana macho, atazame mwenyewe. Akatia sahihi.

Baada ya hapo Asani akawa mtu mwema ajabu. Alikuja kwenye mafunzo mapema, akakaa mbele, akabonyeza kila alipoambiwa abonyeze. Karatasi zikija alitia sahihi bila kuzisoma, kama mtu anayefukuza nzi. Cécilia alimtilia shaka. Wiki ya kumi alimuuliza mbele ya wote kama karatasi aliyotia sahihi asubuhi ile ameisoma. Asani akajibu kwamba yeye ni mwanafunzi mtiifu, mwalimu akileta karatasi, mwanafunzi anaandika jina. Watu wakacheka. Cécilia hakucheka, akakunja karatasi yake akaiweka kwenye mfuko wa plastiki pamoja na nyingine.

Jioni moja Arlette alimfuata Asani nje, penye pikipiki. Alikuwa ameona wanachapa kadi za wakulima, kila kadi na jina, na kadi za Wamaza zilikuwa chache.

“Papa Asani, ile majina ya bakwe zangu, mulitengeneza?” aliuliza. “Juu miye nilizani mutatengeneza. Muko na daftari.”

Asani akamwambia asihangaike, kila kitu kina mwenyewe. Arlette akasimama akimwangalia anavyofunga kofia. Akasema polepole kwamba kwao Nyangwe wanasema mtego wa panya huingia waliomo na wasiokuwemo. Asani akawasha pikipiki katikati ya neno.

Wiki ya kumi na mbili ikafika. Msafara uliondoka Kasongo alfajiri: pikipiki ishirini na nne zenye magunia manne manne ya mbegu, hesabu kamili ya majina tisini na sita, na nyingine zilizobeba watu. Mama Consolée naye alikuja, amejifunga kitenge juu ya koti la mvua, anamgombeza dereva wake katika kila shimo. Njia ilikuwa tope tupu. Siku ya pili saa nne asubuhi waliingia Wamaza, na uwanja wa depo ulikuwa umeshajaa. Wazee walikuwa wamekaa mbele kwenye viti walivyokuja navyo, Faradji katikati, kofia yake nyeupe imefuliwa.

Asani aliingia kama bwana harusi. Watu walimwita kila upande, naye alijibu kila salamu kwa jina, kwa sauti kubwa, ili Cécilia asikie. Daftari lilikuwa kwapani. Funguo za depo zilikuwa mfukoni, na alizigusa mara mbili tatu kuhakikisha bado zipo.

Cécilia aliweka meza, akawasha tableti yake, akampa Arlette boksi la kadi. Mwanzo kazi ilienda vizuri hata Asani akaudhika. Jina linaitwa, mtu anakuja, anapewa kadi, gunia linatoka, tableti inalia mlio mdogo. Bahati akaja, akapewa. Halafu Cécilia akasoma jina lililofuata kwa sauti yake ile kavu.

“Bakwe.”

Watu wakageuka kumtafuta mwenye jina hilo. Kisha mwanamke mmoja nyuma akaangua kicheko, na wengine wakamfuata, wakipigana mikono. Bakwe ya nani? Mtu akapaza sauti kwamba hapa kila mtu ni mkwe wa mtu, waje wote basi. Cécilia akarudia jina mara ya pili. Hakuna aliyesimama. Arlette alikuwa ameshika ile kadi, kisha akaiweka mezani, akapiga magoti pale kwenye tope, uso ameufunika kwa kitenge. Kicheko kikafa. Wazee waliokaa mbele wakatazamana, na mmoja mmoja wakaanza kuelewa.

Orodha ikaendelea mpaka mwisho kwa sababu Cécilia hakujua la kufanya jingine. Pikipiki zikawa tupu. Wazee thelathini na mmoja walikuwa bado wamekaa kwenye viti vyao, na mbele yao gunia moja.

Mama Consolée akauliza ni ujinga gani huu. Cécilia alikuwa amebadilika rangi, vidole vinapekua tableti juu chini. Asani aliuona uso wake na akahisi utamu ambao hakuwahi kuupata kwenye sherehe yoyote. Akainuka taratibu, kama alivyopanga. Akasema kwa sauti ya watu wote wasikie kwamba mashine imekula wazee, lakini watu wasiwe na wasiwasi, Wamaza ina mwenyewe. Akatoa funguo. Akaenda kwenye mlango wa depo, uwanja mzima nyuma yake, akafungua kufuli, akausukuma.

Ndani kulikuwa na mavi ya panya na kamba mbili za katani.

Asani alisimama mlangoni kama mtu aliyepigwa kofi na asiyemjua. Akamwita mlinzi wa depo, mtu mzima aitwaye Kadogo, mwenye funguo za pili, akamuuliza mbegu ziko wapi. Kadogo akashangaa kuulizwa. Alisema mbegu zilipelekwa Lusangi siku kumi na mbili zilizopita, maana karatasi ilikuja kwamba maghala yote madogo yaanze upya, yasiwe na kitu cha zamani, na cha zamani kipelekwe Lusangi kikagawiwe huko.

“Na huko walisha kugawa,” Kadogo alisema. “Shefu, karatasi iko na mukono yako. Miye nilizani unajua.”

Hiyo ndiyo ilikuwa karatasi ya wiki ya kumi, ile ya mwanafunzi mtiifu.

Cécilia alifungua mfuko wake wa plastiki, akatoa karatasi mbili, akaziweka mikononi mwa Mama Consolée. Ya kwanza ilikuwa ya maghala. Ya pili ilikuwa majina ya Wamaza, yamekaguliwa na kuonekana sawa, na chini yake sahihi ya Asani yenye mkia mrefu ambayo wote waliijua. Mama Consolée alisoma akiwa amesimama, midomo inacheza. Alipomaliza alimgeukia kwanza Cécilia. Alimwambia kwamba ameshasikia jinsi Arlette alivyokuja mbele yake akasema daftari ni zito, naye hakuuliza lina uzito gani. Kwamba aliandika wiki kumi na mbili na hakuweka hata saa moja ya kusikiliza. Cécilia alisema ni kweli.

Lakini Faradji alikuwa ameshasimama. Alipita mbele ya Arlette, akamwambia bila kumwangalia, kama inavyotakiwa, kwamba ainuke, yeye alifanya kile walichomfundisha. Kisha akaja mpaka alipo Asani, karibu sana.

“Asani, jina yangu ni nani?”

“Faradji,” Asani akasema.

“Kwa ile karatasi, uliona jina yangu?”

Asani alitafuta maneno. Alikuwa na mengi, yote aliyoyapanga njiani kwa siku mbili, na hakuna hata moja lililofaa. “Sikuona, Baba.”

“Uliona haiko, na ulitia mukono?”

Uwanja mzima ulikuwa unamtazama. Walikuwa watu aliowajua wote kwa majina.

“Nilitia,” alisema.

Faradji akatikisa kichwa kama mtu aliyepewa bei na hawezi kuipinga. Akamgeukia Mama Consolée.

“Mama, hatuna matata na mashini. Haitujue. Huyu anatujua.” Akaonyesha lile gunia moja kwa fimbo. “Kwenu tuko mutu moja. Sawa. Mutapata mupunga ya mutu moja.”

Wazee wakainuka, wakakunja viti vyao, wakaondoka. Hakuna aliyetukana, na Asani angelipa chochote wamtukane. Watoto wao waliokuwa wameshapewa magunia waliyatazama magunia, wakawatazama baba zao, kisha wakayarudisha mezani, gunia juu ya gunia, na kuwafuata. Mpaka adhuhuri mbegu zilizotoka Kasongo kwa siku mbili za tope zilikuwa zimerudi karibu zote mbele ya Mama Consolée.

Kurekebisha majina kulichukua saa moja. Cécilia alifanya kazi hiyo usiku uleule Wamaza, Kadogo akimsomea daftari jekundu, majina thelathini na moja, herufi kwa herufi. Saa moja tu. Asani alikuwa nje, ameegemea ukuta, na alisikia kila jina linavyosomwa.

Alitegemea kufukuzwa na alikuwa tayari. Asubuhi Mama Consolée alimkuta amefunga mzigo wake. Akamwuliza anaenda wapi.

“Si ulikuwa unataka Wamaza?” alisema. “Wamaza ni yako. Kaa nayo.”

Akapanda pikipiki, akaondoka na msafara wake, Cécilia nyuma na tableti ndani ya koti. Programu iliendelea Lusangi na Kabambare, na inasemekana ilikubali vizuri. Kwenye ile karatasi ya ukutani Cécilia aliongeza kwa kalamu, kabla ya wiki ya kwanza, wiki nyingine isiyo na namba, na humo akaandika neno moja tu: kuuliza.

Mvua kubwa zikaja. Wamaza walitafuta mbegu kwa mnunuzi mwingine, mtu wa upande wa ziwa, mwenye daftari na mdomo mtamu, wakalima. Asani alizunguka kwa kila nyumba. Walimpa kiti, walimpa maji, waliuliza habari za mkewe. Alipotaja mpunga waliuliza tena habari za mkewe. Hilo lilimuuma kuliko kufukuzwa, maana alilijua vizuri. Ndivyo yeye mwenyewe alivyokuwa akimfanyia Cécilia kwa wiki kumi na mbili.

Wakati wa mavuno alikaa mlangoni mwa depo na tableti mapajani, ile aliyoletewa kutoka Kasongo, siku ya kwanza, ya pili, wiki nzima. Pikipiki za mnunuzi yule zilipita mbele yake zimelemewa mpunga. Siku ya tisa alikuja Faradji, anasukuma baiskeli yenye gunia moja. Alilishusha mwenyewe, akakataa kusaidiwa, akaliegemeza kwenye mlango.

Asani alitafuta jina kwenye kioo. Lilikuwepo, limeandikwa vizuri, na kijiji, na shamba. Akamwonyesha mzee.

“Jina yako iko, Baba. Walitengeneza. Ya wote iko.”

Faradji aliinama akaangalia kwa muda mrefu, kidole chake kikishuka polepole juu ya kioo bila kukigusa, ndugu kwa ndugu, mpaka chini.

“Majina iko yote,” alisema. “Watu ndio haiko.”

Akageuza baiskeli yake. Asani alimwita, akataka kusema kile ambacho hakukisema chumbani kule Kasongo wakati mlango ulikuwa wazi, na mzee akainua mkono bila kugeuka, kama mtu anayesalimia jirani. Asani akaingiza gunia lile moja kwenye tableti. Tableti ikalia mlio wake mdogo, ikamwuliza mkulima anayefuata ni nani. Akaiweka chini, akalibeba gunia begani, akaliingiza ndani ya depo, akalisimamisha katikati ya sakafu kwa sababu hapakuwa na lingine la kuliegemeza.